Sitaha, Kibla na Ahadi: Mfalme Abdul Aziz Katika Manowari ya Wamarekani, 1945



Ndugu wasomaji, kila manowari ya kigeni inapotia nanga Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar, haikosi tafrija. Sitaha hupambwa, taa huwashwa, na wakubwa wa mji hualikwa: maafisa wa serikali, mabalozi, wafanyabiashara, na mara nyingine masheikh na viongozi wa jumuiya zetu. Sisi tunaoishi bara, mbali na bahari, hupata habari zake kwa ndugu zetu wa pwani. Na maswali huwa yale yale. Nyama ile imechinjwa na nani? Mezani kuna ulevi? Maghribi ikiingia tutaswalia wapi? Na la mwisho, ambalo watu huliuliza kwa sauti ndogo: wametuitia nini hasa?

Leo tumeona tuzisimulie familia zetu, na hasa wanafunzi wanaosoma historia, kisa cha mgeni mmoja aliyealikwa kwenye manowari, akaenda na hema lake, mazulia yake, kondoo wake, imamu wake na kahawa yake. Mgeni huyo ni Mfalme Abdul Aziz bin Abdul Rahman Al Saud, mwanzilishi wa ufalme wa Saudia, ambaye Wazungu walimzoea kwa jina la Ibn Saud. Mwenyeji wake ni Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani. Siku yenyewe ni Jumatano tarehe 14 Februari 1945, na mahali ni Ziwa Chungu Kubwa, ambapo Mfereji wa Suez hupanuka na kuwa ziwa, nchini Misri.

Mwezi huo Vita Kuu ya Pili vilikuwa vinaelekea ukingoni. Roosevelt alikuwa ametoka Yalta, huko Crimea, alikokutana na Churchill wa Uingereza na Stalin wa Urusi kuanzia tarehe 4 hadi 11 Februari kupanga dunia baada ya vita. Badala ya kurudi kwao moja kwa moja aliruka mpaka Misri, ambako manowari yake iitwayo Quincy ilikuwa ikimngoja. Tarehe 13 aliwapokea melini Mfalme Farouk wa Misri na Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia. Tarehe 14 ikawa zamu ya Mfalme Abdul Aziz.

Ili tukielewe vizuri kisa hiki, turudi nyuma siku chache, tuanzie Jeddah.

Kondoo wa Mfalme

Wamarekani walituma meli ndogo ya kivita iitwayo Murphy kwenda kumchukua Mfalme. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa meli ya jeshi la majini la Marekani kuingia bandari ya Jeddah. Safari ilifanywa siri kwa sababu ya vita. Watu wa mjini walielewa kwamba msafara wa Mfalme unakwenda Makka, kumbe magari yakaelekea gatini. Meli ilipoondoka tarehe 12 Februari na Mfalme akawa haonekani, mji ulijaa uvumi. Wengine walisema ameuacha ufalme, wengine wakasema ametekwa.

Mtu aliyekuwa kiungo cha mambo yote ni mwakilishi wa Marekani huko Jeddah, Kanali William Eddy. Huyu alizaliwa Saida, Lebanon, mwaka 1896, wazazi wake wakiwa wamisionari, akakulia katika lugha ya Kiarabu. Katika Vita Kuu ya Kwanza alijeruhiwa vibaya, akawa anatembea kwa kuchechemea. Mfalme naye alikuwa na majeraha ya vita vya ujanani na miguu yake ilikuwa inamsumbua. Kwa hiyo mkalimani alikuwa kilema, Mfalme alikuwa akitembea kwa fimbo, na Rais alikuwa haamki kwenye kiti chake. Mengi tunayoyajua juu ya safari hii yametoka kwa Eddy, aliyeyaandika katika kitabu kidogo mwaka 1954.

Jambo la kwanza lililozua mjadala ni idadi ya watu. Wamarekani walitaka msafara mdogo, kwa sababu Murphy ilikuwa ni meli nyembamba iliyojaa mabaharia na silaha. Waliopanda ni watu 48. Miongoni mwao walikuwa ndugu yake Mfalme, Amir Abdullah; wanawe Muhammad na Mansour; waziri wa fedha Abdullah Sulaiman; Yusuf Yasin wa mambo ya nje; na Hafiz Wahba aliyekuwa mwakilishi wa Saudia mjini London. Tena walikuwemo imamu wa kuswalisha, muonja chakula, wapishi, wanyweshaji kahawa na walinzi wenye majambia. Eddy anasema alikuwemo hata mnajimu, jambo ambalo hatukulitegemea katika jahazi la mfalme aliyejulikana kwa ukali katika mambo ya tauhidi. Na tuseme ukweli wote: walikuwemo pia watumwa, kwani Saudia ilipiga marufuku utumwa mwaka 1962, miaka mingi baada ya Zanzibar. Wajukuu wa pwani hii hawawezi kulipita jambo hilo bila kulitaja.

Jambo la pili ni kondoo. Mfalme alitaka wapandishwe kondoo wazima, wengi, kwani hakukubali kula nyama isiyochinjwa siku hiyo hiyo. Mabaharia wakaeleza kwamba meli ina majokofu yaliyojaa nyama. Hiyo haikumsaidia Mfalme. Lakini tazama sababu yake ya kutaka kondoo wengi kiasi hicho: yeye aliona kwamba, maadamu mabaharia watakuwa naye safarini, basi wao ni wageni wake na ni wajibu wake kuwalisha! Alipandishwa kwenye meli ya watu, na bado akajihesabu kuwa ndiye mwenye nyumba.

Eddy ndiye aliyelitatua. Hakubishana na Mfalme juu ya nyama. Alimweleza kwamba sheria za jeshi zinawakataza mabaharia kula kitu kisichokuwa posho yao, na atakayeivunja sheria hiyo atafungwa, na bila shaka Mfalme asingependa vijana wazuri kama hawa waingie kifungoni kwa ajili yake. Mfalme akaona hiyo ni hoja. Wakapandishwa kondoo wachache tu, wakajengewa zizi nyuma ya meli, kwenye tezi, na huko ndiko walikochinjwa na kuchunwa, karibu na mlingoti wa bendera ya Marekani.

Tunawaomba wazazi walisome jambo hili pamoja na watoto. Mara nyingi kijana wa Kiislamu akialikwa shuleni au kazini hudhani kuna njia mbili tu: ale kila kilichopo ili asionekane mshamba, au asiende kabisa. Mfalme alikwenda, na hakula asichokitaka. Na yule mkristo aliyekuwa mwenyeji wake hakumcheka, wala hakumwambia kwamba sheria zake ni za zamani. Alimtafutia njia.

Hema juu ya chuma

Mfalme alipewa chumba cha mkubwa wa meli. Hakukitaka. Hakuwa mtu wa kulala ndani ya kuta za chuma chini ya dari fupi. Basi juu ya sitaha ya mbele, kwenye omo, likatandazwa turubai kubwa likawa hema, na chini yake yakatandikwa mazulia mpaka chuma hakikuonekana. Kwa kuwa viti vya meli vilikuwa vidogo kwa mwili wake, maana alikuwa mtu mrefu na mpana, aliletewa kiti chake mwenyewe cha kifalme. Hapo ndipo alipokaa mchana, na hapo ndipo alipolala usiku, mizinga ikiwa juu ya kichwa chake. Watu wake walilala popote walipopata nafasi, kwenye sitaha na kwenye njia za ndani.

Ama kuhusu swala, hakuna iliyokosekana. Meli ilikuwa ikienda kaskazini, na upande wa Makka ulikuwa ukibadilika kadiri walivyosogea. Wakati wa swala ulipofika, afisa wa dira wa Murphy alipima na kutoa upande wa kibla, na msafara ukajipanga safu juu ya sitaha nyuma ya imamu. Kijana wa Kimarekani, ambaye pengine kabla ya siku hiyo hakuwahi kusikia neno kibla, alikuwa akihesabu nyuzi za dira mara tano kwa siku ili Waislamu wasikosee walikoelekea. Katika kisa chote hiki, sisi hapo ndipo tulipopapenda zaidi.

Yalikuwepo na mambo ya kuchekesha. Kahawa ya Kiarabu haipikwi bila makaa, na wanyweshaji kahawa walikuwa wakiwasha moto wao popote palipowapendeza. Siku moja alikutwa mtumishi ametua na jiko lake karibu kabisa na mlango wa kupandishia baruti na makombora! Mabaharia walimwondoa haraka, na yeye bila shaka hakuelewa kosa lake ni nini.

Usiku Mfalme alionyeshwa filamu juu ya manowari kubwa inayobeba ndege za kivita. Aliisifu, lakini akasema ana wasiwasi kama filamu ziwafae watu wake, kwa kuwa huenda zikawazoesha starehe na kuwasahaulisha wajibu wao wa dini. Maskini Mfalme hakujua kwamba chini, katika vyumba vya mabaharia, ilikuwa ikionyeshwa filamu nyingine ya vichekesho na wanawake wa Hollywood, na kwamba baadhi ya watu wake, wanawe wakiwemo, walishateremka kuitazama. Eddy aliyajua hayo na akanyamaza. Kila mzazi mwenye kijana na televisheni nyumbani anakijua kisa hiki bila kusimuliwa.

Kabla ya kushuka, Mfalme aligawa zawadi kwa kila mtu melini: maafisa walipata majambia, saa na mavazi ya Kiarabu, na mabaharia wakapewa fedha. Wao wakamzawadia bunduki mbili za kisasa na darubini.

Mazungumzo ya Quincy

Asubuhi ya tarehe 14 Murphy ikasogea ubavuni mwa Quincy, likawekwa daraja jembamba kati ya meli mbili, na Mfalme akavuka. Roosevelt alimpokea akiwa juu ya sitaha, ameketi katika kiti chake cha magurudumu. Alikuwa na umri wa miaka 63, amekonda, macho yameingia ndani. Kwa ugonjwa uliompata mwaka 1921 alikuwa amepooza miguu, na baada ya mkutano huu alibakiwa na miezi miwili tu ya kuishi.

Mazungumzo yao ya mwanzo hayakuwa ya siasa. Mfalme alimwambia Rais kwamba wao wawili ni kama mapacha. Umri wao unakaribiana, wote ni wakuu wa nchi wenye mzigo mkubwa, wote wanapenda kilimo, na wote wameumbuliwa miili kwa maradhi na majeraha. Rais akasema Mfalme ana bahati, kwani bado anatembea kwa miguu yake. Mfalme akajibu kwamba miguu yake inazidi kudhoofika kila mwaka. Hapo Roosevelt akampa kiti chake cha pili cha magurudumu, pacha wa kile alichokuwa amekalia. Baadaye alimwahidi pia ndege ya aina ya DC-3, na ndege hiyo ndiyo iliyokuwa chanzo cha shirika la ndege la Saudia.

Sasa tuzungumze habari ya sigara, maana wengi huipenda. Roosevelt alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Alijua Mfalme hapendi moshi mbele yake. Saa zote walizokaa pamoja hakuwasha hata moja. Wakati wa kwenda kula, kila mmoja alipanda lifti yake, na Rais akiwa peke yake na wasaidizi wake alibonyeza kitufe cha dharura, lifti ikasimama kati ya sakafu mbili, akavuta sigara mbili, kisha akaendelea na safari kwenda kumkaribisha mgeni wake mezani. Huyu ni mtu ambaye majeshi yake yalikuwa yakipigana katika mabahari yote ya dunia, na alijificha ndani ya lifti kama mwanafunzi, ili asimuudhi mgeni.

Ulinganishe na Churchill. Yeye alikutana na Mfalme siku tatu baadaye, tarehe 17 Februari, katika hoteli iliyo ukingoni mwa ziwa la Fayoum. Aliambiwa kwamba Mfalme haruhusu sigara wala pombe mbele yake. Churchill, kwa maneno aliyoyaandika mwenyewe katika kumbukumbu zake, alijibu kwamba dini ya maisha yake inamwamrisha kuvuta na kunywa kabla ya chakula, baada ya chakula, na katikati yake ikibidi, na akafanya hivyo. Mfalme hakugombana naye. Mnyweshaji wake alimpa Churchill maji ya Zamzam, na Churchill akaandika kwamba hajapata kunywa maji matamu kama yale.

Turudi Quincy. Mfalme alitaka Rais aje kula katika hema lake kule Murphy, kwa sababu aliyelishwa naye hana budi kulisha. Akaambiwa Rais hana nafasi, lazima meli iondoke siku hiyo hiyo. Jambo hilo lilimkera sana. Akauliza kama basi Rais angalau atakunywa kahawa yake. Roosevelt akakubali, na wanyweshaji wawili waliovaa nguo zao rasmi wakavuka na deli na vikombe vidogo, wakamnywesha Rais wa Marekani kahawa ya Kiarabu juu ya meli yake mwenyewe. Ndipo Mfalme akaridhika.

Swali la Palestina

Sasa tumefika kwenye lile swali linaloulizwa kwa sauti ndogo: aliitiwa nini?

Wengi siku hizi hujibu haraka kwamba ni mafuta. Kweli Marekani ilikuwa na maslahi hayo. Kampuni ya Kimarekani ilipata mkataba wa kuchimba Saudia mwaka 1933, na mafuta mengi yakapatikana Dammam mwaka 1938. Lakini katika kumbukumbu ya mazungumzo iliyoandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza na kukubaliwa na pande zote mbili, mafuta hayamo. Kilichomo ni Palestina.

Roosevelt alimwambia Mfalme kwamba anataka ushauri wake juu ya Wayahudi waliofukuzwa makwao Ulaya. Na tusipunguze uzito wa jambo hilo: Wanazi walikuwa wameua mamilioni, na walionusurika hawakuwa na pa kurudi. Mfalme akajibu kwamba, kwa maoni yake, warudishwe kuishi katika nchi walikofukuzwa. Na ambao makazi yao yamevunjwa kabisa wapewe mahali pa kuishi katika nchi za wale waliowaonea. Rais akataja Poland, kwamba Wajerumani wameua huko Wayahudi milioni tatu, kwa hiyo bila shaka ipo nafasi.

Kwa mujibu wa Eddy, Rais alilirudia jambo hilo mara kadhaa kwa njia mbalimbali, akitumaini Mfalme atalegea. Hakulegea. Alisema fidia hulipwa na mkosaji, wala haimpasi mpita njia asiye na hatia. Waarabu wamewatendea nini Wayahudi wa Ulaya? Waliowaua na kuwanyang'anya nyumba ni Wajerumani, basi Wajerumani ndio walipe. Akaeleza pia desturi ya Waarabu: wageni waliokimbia vita hugawanywa kati ya kambi za washindi, kila kambi ichukue kwa uwezo wake na wingi wa maji yake na chakula chake. Washirika walioshinda vita hivi ni nchi nyingi na kubwa, na Palestina ni nchi ndogo na masikini ambayo imeshachukua zaidi ya fungu lake. Akasema wazi kwamba Waarabu watachagua kufa kuliko kuitoa ardhi yao.

Rais akampa neno lake. Alisema kwamba hatafanya chochote kuwasaidia Wayahudi dhidi ya Waarabu, wala hatachukua hatua yoyote yenye uadui kwa Waarabu. Mfalme alishukuru. Saa za alasiri waliagana, na Quincy ikang'oa nanga siku hiyo hiyo.

Tarehe 1 Machi Roosevelt alilihutubia Bunge la Marekani akiwa ameketi, na akasema kwamba juu ya matatizo ya Waislamu na Wayahudi amejifunza mengi zaidi kwa kuzungumza dakika tano na Ibn Saud kuliko ambavyo angejifunza kwa kuandikiana barua nyingi. Maneno hayo yalizua ghadhabu. Tarehe 16 Machi alionana na Rabbi Stephen Wise, kiongozi wa Wazayuni wa Marekani, naye Wise akatoka akatangaza kwa idhini yake kwamba msimamo wa Rais wa kuwaunga mkono haujabadilika. Tarehe 5 Aprili, akijibu barua ya Mfalme ya tarehe 10 Machi, Rais huyo huyo alirudia kwa maandishi ile ahadi ya Ziwa Chungu, akaongeza kwamba Marekani haitabadilisha siasa yake ya msingi juu ya Palestina bila kushauriana kwanza kikamilifu na Waarabu na Wayahudi pia.

Tumesoma baadhi ya Waislamu wakisema Roosevelt alikuwa mtu wa kweli na waliomfuata ndio waliokhini, na tumesoma wengine wakisema tangu mwanzo alikuwa akimdanganya Mfalme. Sisi tunaona mambo hayakuwa mepesi hivyo. Adabu ya Rais haikuwa ya kuigiza. Mtu haendi kujificha kwenye lifti kwa unafiki. Lakini ndani ya wiki saba alikuwa amewapa watu wawili maneno mawili yasiyoweza kukaa nyumba moja. Pengine alidhani atapata muda wa kuyapatanisha. Muda hakuupata. Tarehe 12 Aprili 1945, wiki moja baada ya kuitia saini barua ile, Roosevelt alifariki.

Akashika uongozi Harry Truman. Barua ya ahadi ilitangazwa hadharani Oktoba mwaka huo, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba haikujulikana. Eddy ameandika kwamba mwaka huo huo 1945 yeye na wenzake waliokuwa mabalozi katika nchi za Kiarabu walipofika mbele ya Truman kumweleza hatari iliyopo, aliwajibu kwamba analazimika kuwasikiliza mamia ya maelfu ya watu wanaotaka Uzayuni ufanikiwe, na kwamba yeye hana mamia ya maelfu ya Waarabu miongoni mwa wapiga kura wake. Oktoba 1946 Truman alipotoa tamko la kutaka Wayahudi waingie Palestina kwa wingi, Mfalme alimwandikia kupinga na kumkumbusha ahadi zilizokwisha kutolewa na Marekani. Truman alijibu kwamba haoni amevunja ahadi yoyote.

Tarehe 29 Novemba 1947 Umoja wa Mataifa ulipiga kura kuigawa Palestina: 33 walikubali, 13 walikataa, Saudia ikiwa mmoja wao, na 10 hawakupiga upande wowote. Mwaka huo Eddy alijiuzulu kazi yake serikalini. Tarehe 14 Mei 1948 dola ya Israeli ilitangazwa, na Truman akaitambua baada ya dakika 11. Katika vita vile Wapalestina zaidi ya 700,000 walipoteza makwao, na wajukuu wao wengi wangali wakimbizi hadi leo.

Mfalme hakuvunja uhusiano na Marekani. Mafuta yalikuwa yanatoka, wahandisi na ndege zao walikuwa nchini mwake, na hazina ya ufalme ilikuwa inawategemea. Hilo nalo ni sehemu ya jibu la swali la kwanza, ingawa halikuandikwa katika kumbukumbu ya siku ile.

Aliishi mpaka tarehe 9 Novemba 1953. Quincy iliuzwa kwa wavunja vyuma mwaka 1974. Kile kiti cha magurudumu kilikuwa kidogo mno kwa mwili wa Mfalme, lakini alikiweka katika kasri lake Riyadh, na wageni walipofika alikuwa akiwaonyesha na kuwaambia kwamba ni zawadi ya rafiki yake, Rais Roosevelt.